Mlinzi Anapodaiwa Zaidi ya Mwizi

Tarehe 16 Julai 2020, Jaji Anne Omollo wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa aligawa lawama kwa asilimia. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu na kuusambazia sumu mtaa wa Owino Uhuru kilitwikwa asilimia 25. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoundwa kwa sheria ili mambo kama hayo yasitokee, ikatwikwa 40. Sehemu iliyobaki waligawana wizara mbili, mamlaka inayosimamia maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje (EPZ), na kampuni iliyokuwa imekikodisha kiwanda ardhi.

Wengi tulioisoma hukumu hiyo tulikimbilia fedha: shilingi bilioni 1.3 za fidia, zilipwe ndani ya siku 90, na milioni 700 juu yake za kusafisha udongo. Vichwa vya habari vilizipenda. Lakini anayetaka kuelewa namna mji mkubwa unavyowalisha sumu watu wake aanze na ile 40. Mwizi kaingia, kachukua, katoka zake; anayedaiwa zaidi ni mlinzi aliyeacha lango wazi.

Owino Uhuru uko bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Mikindani katika Jomvu, si mbali na barabara kuu iendayo Nairobi. Bohari za bandari, reli, matangi ya mafuta, mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulioanza kazi miaka ya 1960, maegesho ya malori ya Kampala na Kigali: kazi nzito za mji ziliwekwa upande huu, na vibarua wakaja kuishi karibu na riziki yao. Mgeni wa hoteli za Nyali au Diani hana sababu ya kukunja kona kuingia hapa. Watu wapatao 3,000 waliishi Owino Uhuru katika nyumba za udongo na mabati, wengi wao bila hati ya ardhi waliyokalia.

Kiwanda kilipokuja, mtaa ulikuwepo. Nalikazia hili kwa sababu ipo hoja inayopendwa sana katika ofisi za mipango ya miji, kwamba watu wa mabanda ndio huvamia maeneo ya viwanda kisha wakalalamikia moshi. Hapa kiwanda ndicho kilichowafuata watu, ukuta wake ukapakana na nyumba zao.

Na kilikuja kwa wakati wake. Januari 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi, hatua iliyosukumwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi. (Moshi wa matatu ulibaki moshi, ila bila madini hayo.) Mwaka uliofuata bei ya risasi katika soko la dunia ikapaa hadi kuvuka dola 3,000 kwa tani, ilhali miaka michache nyuma haikuwa ikifika 1,000. Betri ya gari iliyokufa, ambayo fundi alikuwa akiisukumia nyuma ya gereji, ikawa mali. Kampuni ya Metal Refinery (EPZ) Limited ikawasha tanuru lake Owino Uhuru mwaka huohuo wa 2007. Risasi iliyotolewa mlangoni kwenye petroli ikarudi kupitia uani.

Kazi yenyewe haina siri. Betri hupasuliwa, tindikali humwagwa, sahani za risasi huchomolewa na kutiwa tanuruni. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za selsiasi, joto ambalo makaa yaliyopulizwa vizuri hulifikia bila shida. Ndiyo maana kazi hii inaweza kufanywa na kampuni yenye leseni, na inaweza pia kufanywa na kijana mwenye sufuria kuukuu nyuma ya kibanda. Kiwanda salama na kiwanda kinachoua vinaweza kuwa na tanuru la aina moja. Tazama mambo mengine: vichujio vya moshi, namna maji machafu yanavyotibiwa, sakafu isiyopitisha tindikali, glavu na barakoa zinazobadilishwa kabla hazijachakaa, mahali pa kuoga na kuacha nguo za kazi kabla mtu hajaenda kumbeba mwanawe. Vyote hivyo ni gharama. Mwenye kiwanda akikataa kuilipa, gharama haipotei. Inahamia kwa jirani.

Majirani walieleza yaliyowapata, kwanza kwa yeyote aliyekubali kusikiliza na baadaye mahakamani: vikohozi visivyokoma, vipele, watoto walioanguka kifafa, mimba zilizoharibika, vifo. Maji ya kiwandani yalitiririka hadi ndani ya mtaa. Moshi ulitua juu ya paa na nguo zilizoanikwa. Vijana wa mtaa nao walikuwa vibarua mlemle ndani, kwa hiyo vumbi lilifika nyumbani kwa njia mbili, kwa upepo na kwa mashati ya waliotoka zamu. Hapo ndipo ugumu wa mambo haya ulipo, na wanaharakati wa mbali huwa hawapendi kuusema: anayekutia sumu ndiye anayekulipa Jumamosi. Kumwambia baba wa watoto wanne aandamane dhidi ya kibarua chake ni rahisi ukiwa na mshahara wako.

Aliyeliona jambo hili kutoka ndani alikuwa Phyllis Omido. Mwaka 2009 aliajiriwa kiwandani hapo kushughulikia uhusiano na jamii, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mpangilio huo wa mambo unatosha peke yake kueleza ile asilimia 40. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka tathmini ifanywe kabla mradi haujaanza. Hapa tanuru lilikuwa limeshawaka, risasi ilikuwa inasafirishwa, na bado ripoti inaandikwa. Omido na mtaalamu aliyefanya naye kazi walishauri kiwanda kihamishwe mbali na makazi. Ushauri haukupendeza, naye akaondolewa kwenye kazi hiyo.

Kisha mwanawe, aliyekuwa bado mdogo, akaugua. Hospitalini walimtafutia malaria, wakamtafutia homa ya matumbo, wasione kitu. Mwishowe wazo la risasi likaja, damu ikapimwa, na ikakutwa imejaa. Mama akaambiwa huenda sumu ilipitia katika maziwa yake mwenyewe. Watoto wengine watatu wa mtaani walipopimwa, nao walikuwa nayo. Omido aliacha kazi na mwaka uleule akaanzisha shirika la kutetea haki ya mazingira, linalojulikana kwa kifupi cha CJGEA.

Yaliyofuata yameelezwa mara nyingi, hasa baada ya kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 na ile ya Right Livelihood mwaka 2023: barua kwa kila ofisi, maandamano, kukamatwa mwaka 2012 na kushtakiwa kwa uchochezi kabla ya mahakama kumwachilia, watu wenye bunduki waliomvizia usiku. Sitayarudia kwa urefu. Simulizi la shujaa mmoja lina utamu wake, lakini pia lina hatari: linatufanya tuamini kwamba mfumo ulifanya kazi kwa sababu mtu mmoja alikataa kunyamaza. Mtaa wenye watu 3,000 haupaswi kumhitaji mtu wa kuhatarisha roho yake ili ofisa wa serikali aje na kifaa cha kupimia udongo. Kiwanda kilifungwa kabisa mwaka 2014, miaka saba baada ya kuwashwa.

Risasi yenyewe haikufungwa.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi, lakini unaidhania kuwa kalisi. Matumbo huipokea, damu huibeba, na mifupa huiweka akiba kama inavyoweka kalisi. Mtoto mdogo hufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na mtoto ndiye anayecheza chini, ndiye anayetia vidole kinywani, ndiye anayeonja udongo. Ubongo wake ungali unajengwa, na risasi huvuruga ujenzi huo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Huko Marekani, kiwango cha kuanza kuwa na wasiwasi kuhusu mtoto kilikuwa mikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu, kikashushwa hadi 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Kadiri sayansi ilivyochungulia ndivyo mstari ulivyoteremka. Dawa za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini hutolewa hasa kwa mtoto aliyefikia 45 na kuendelea. Mwenye 12 au 20 hupewa ushauri: lishe yenye madini ya chuma na kalisi, usafi, na aondolewe kwenye chanzo cha sumu. Imani ya mafundi wetu kwamba maziwa husafisha sumu ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kalisi hupunguza risasi inayofyonzwa, ila maziwa hayawezi kuiondoa iliyokwisha kuingia mfupani. Na huyo mtoto wa Owino Uhuru angeondolewa apelekwe wapi, ikiwa chanzo ni sakafu anayolalia?

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha dhuluma hii. Katika damu risasi hupungua kwa nusu ndani ya muda wa kama mwezi mmoja. Katika mfupa hukaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kwa hiyo ukimpima mtu miaka michache baada ya kiwanda kufungwa, namba utakayopata itakuwa ndogo kuliko ile iliyomdhuru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wa mtaa jirani unaoitwa Bangladesh, watu wa hali moja ya maisha. Hata baada ya tanuru kuzimwa, wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa takriban mara mbili ya wenzao. Hapo tunapima mabaki. Wakati wa kupima jambo lenyewe ulikuwa 2008, na aliyekuwa na sheria, bajeti na maabara wakati huo hakuwa mama muuza samaki wa kupaka.

Msichana aliyekuwa na miaka mitano wakati ule sasa ni mwanamke. Akishika mimba, mwili wake utachota kalisi kutoka mifupani kumjengea mtoto, na pamoja na kalisi utachota risasi iliyohifadhiwa humo.

Sasa weka kalenda hiyo ya mfupa kando ya kalenda ya mahakama. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Katiba ya 2010 ilikuwa imewafungulia njia: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Umoja wa Mataifa ulikuja kuitambua haki hiyo kwenye Baraza Kuu Julai 2022, kwa hiyo kwenye karatasi Kenya ilikuwa mbele ya dunia kwa miaka kumi na miwili. Hukumu ikaja 2020. NEMA ikakata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia ya bilioni 1.3 na kuagiza suala la fidia lirudi chini likapimwe upya. Wakazi wakapanda hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 majaji wa mahakama hiyo wakairejesha fidia. Tangu tanuru kuwashwa hadi neno la mwisho la majaji ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa wakati tanuru linawashwa alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate kitambulisho.

Tafakari kidogo juu ya hiyo rufaa. Taasisi ya umma yenye kazi ya kulinda mazingira ilitumia miaka na mawakili kubishana na watu waliodhuriwa na mazingira iliyopaswa kuyalinda. Ilikuwa na haki ya kukata rufaa, sibishi. Lakini kila mwezi wa mabishano ulikuwa mwezi ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoa udongo. Udongo wenye risasi hausafishwi na mvua. Hukwanguliwa, ukabebwa na kuzikwa mahali palipotayarishwa, au hufunikwa kwa tabaka safi lisilofukuliwa. Ni kazi ya makatapila. Mawakili hawaiwezi.

Hata ushindi una ngazi zake. Sheria ya Kenya hairuhusu dalali kukamata gari la wizara au samani za ofisi ya katibu kwa sababu ya deni la hukumu. Mwenye kudai hupewa cheti cha amri ya mahakama, hukipeleka wizarani, husubiri. Asipolipwa hurudi mahakamani kuomba amri nyingine ya kumlazimisha ofisa mhasibu alipe. Yeyote aliyewahi kufuatilia pensheni ya marehemu baba yake anaijua safari ya namna hiyo, isipokuwa hii inafanywa na mtaa mzima.

Na fedha zenyewe ni za nani? Kanuni inayotajwa katika kila warsha ya mazingira husema anayechafua ndiye anayelipa. Hapa mchafuzi alipangiwa robo. Chini ya sheria ya EPZ ya mwaka 1990, kampuni za maeneo hayo hupewa msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka kumi ya mwanzo, zikitarajiwa kuuza nje na kuleta ajira. Kiwanda cha Owino Uhuru kilidumu saba, kisha kikafunga lango. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fidia inaangukia taasisi za serikali, na taasisi za serikali hazina duka. Zina kodi. Mama wa Owino Uhuru anayelipa ushuru kila anaponunua sabuni anachangia fidia yake mwenyewe. Siupingi uamuzi wa jaji; mlinzi aliyelala lazima adaiwe, na deni kubwa huenda likamwamsha. Nasema tu kwamba kufikia hapo kanuni imeshashindwa. Mahali pa kumtoza mchafuzi ni kwenye dirisha la leseni, kabla ya betri ya kwanza kupasuliwa: aonyeshe vichujio, aweke dhamana benki ya kusafisha atakapoondoka, akubali damu za watoto wa jirani zipimwe kabla na baada.

Mombasa haikuwa peke yake. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer pembeni mwa Dakar, Senegali, walikufa watoto 18. Betri zilikuwa zimevunjwavunjwa hapo kwa miaka. Bei ilipopanda, wakazi wakaanza kuchekecha mchanga kutafuta chembe za risasi za kuuza, na watoto wakawa pamoja na mama zao. Bei ileile, msimu uleule. Watafiti waliokusanya udongo kuzunguka viwanda vya betri katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, walichapisha matokeo mwaka 2018 na kuonyesha uchafuzi mkubwa katika sehemu nyingi walizopima. Mwaka 2020 UNICEF ikakadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi, na ikataja urejelezaji holela wa betri kuwa chanzo kikuu.

Betri zinaongezeka. Kila nyumba ya mashambani iliyowekewa sola ya bei nafuu ina betri itakayokufa baada ya miaka michache, na kila duka la M-Pesa lenye taa ya akiba lina yake. Nishati safi ya Kitui au Singida inaweza kuishia kuwa moshi wa mtaa fulani ambao haujapata jina magazetini. Betri ya risasi ni miongoni mwa bidhaa zinazorejelezeka vizuri kuliko zote, na nchi zilizoamua kuifanya kazi hiyo kwa usafi zinaifanya. Tatizo halipo kwenye betri.

Shirika lililozaliwa Owino Uhuru lilikuja kuonekana pia pande za Uyombo, kaunti ya Kilifi, ambako serikali ilitangaza mpango wa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 karibu na hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mei 2024 wakazi walioandamana kuupinga walikabiliwa na polisi. Mtu anaweza kuunga mkono nyuklia au kuipinga. Mimi mwenyewe sijafunga mlango. Ila maswali ya watu wa Uyombo, kuhusu uvuvi wao, ardhi yao na taka zitakazobaki zitawekwa wapi, yameulizwa kabla ya jiwe la msingi. Owino Uhuru hawakupata nafasi hiyo. Ripoti ya tathmini, safari hii, inaweza kusomwa na kubishaniwa na watu wanaoishi hapo kabla kitu chochote hakijawashwa.